Ufadhili wa wanafunzi shule binafsi: umlipie mtoto mmoja, uchangie mfuko wa pamoja, au uweke mfuko wa kudumu?

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, watu wenye kipato huanza kupokea simu. Kuna mtoto amefaulu vizuri, mama yake anauza mboga, shule fulani binafsi imemfanyia usaili na kumkubali, kilichobaki ni ada. Wapo wanaolipa hapo hapo. Wapo wanaolipeleka suala kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu wenzao, michango ikaanza. Na wapo wachache, hasa walio nje ya nchi au waliostaafu na akiba ya maana, wanaouliza swali zito zaidi: hela hii nikiiweka vizuri, haiwezi kusomesha watoto hata nikiwa sipo?

Wote hao wana nia moja, ila njia zao ni tofauti sana, na shule nyingi haziwaelezi tofauti hizo. Zinapokea na kushukuru. Nimekaa kwenye kamati ya ufadhili ya shule ya bweni kwa muda wa kutosha kuona kwamba namna ya kutoa huamua hatima ya mtoto kuliko hata kiasi kinachotolewa. Kwa hiyo hapa nazipima njia tatu kwa kipimo kimoja: mambo yakimwendea kombo mfadhili mwaka wa tatu, mtoto anabaki darasani au anarudi nyumbani?

Kabla ya hapo, liko swali ambalo si la kuruka. Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Basi kwa nini tumtafutie mtoto wa maskini nafasi ya kulipia? Jibu langu ni kwamba inategemea mtoto na inategemea kata anayoishi. Msichana anayetembea saa moja na nusu gizani kwenda shule anahitaji bweni. Mtoto mwenye kichwa cha sayansi kwenye shule isiyo na mwalimu wa fizikia anahitaji mwalimu wa fizikia. Lakini kama shule ya kata iliyo jirani inafundisha vizuri, mnunulie viatu, lipa mchango wa chakula cha mchana, mpe taa ya kusomea usiku, umwache hapo hapo. Hela ileile itawafikia watoto wengi zaidi. Kumhamisha mtoto kwa sababu tu sare ya shule binafsi inapendeza ni kutumia sadaka vibaya.

Ada ni sehemu tu ya gharama

Chukua fomu ya kujiunga ya shule yoyote ya bweni uisome hadi ukurasa wa mwisho. Godoro. Shuka mbili za rangi moja. Chandarua. Ndoo yenye mfuniko. Tranka na kufuli lake. Viatu vyeusi vya ngozi, raba, kandambili. Fyekeo au jembe, na ufagio wa chelewa. Rimu ya karatasi. Kaunta buku kwa kila somo. Fedha ya tahadhari, bima ya afya, picha za pasipoti. Kwa wasichana, taulo za kike za muhula mzima. Halafu nauli ya kwenda, nauli ya kurudi likizo, na matumizi ya mfukoni.

Mtoto aliyelipiwa ada peke yake anaripoti na shangazi kaja moja, bila godoro, wiki moja baada ya wenzake, kwa sababu nyumbani walikuwa bado wanatafuta nauli. Matroni anamtafutia godoro la zamani stoo. Usiku wa kwanza mabinti wengine wanafungua tranka zao, yeye anakaa kimya pembeni ya kitanda. Nimewaona wenye akili sana wakiacha shule kabla ya likizo ya kwanza, ada yao ikiwa imelipwa mwaka mzima.

Kwa hiyo katika hesabu zote zinazofuata nachukua mfano wa shule ambayo ada, vifaa, nauli na matumizi vinafika shilingi milioni 4 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Shule yako inaweza kuwa chini au juu ya hapo. Hesabu ni ileile. Tukikadiria gharama inapanda asilimia 5 kila mwaka, miaka minne ya kidato cha kwanza hadi cha nne inafika kama milioni 17.2. Ukimpeleka hadi kidato cha sita ni milioni 27.2. Mfadhili aliyezidisha milioni 4 mara sita akapata 24 ameshaacha pengo la zaidi ya milioni 3, na pengo hilo linaangukia kidato cha sita, mwaka wa mtihani.

Kumlipia mtoto mmoja

Hii ndiyo njia inayogusa moyo, na si ya kudharauliwa. Shule ya St Jude mjini Arusha ilifunguliwa mwaka 2002 na Gemma Sisia, mwalimu kutoka Australia, ikiwa na wanafunzi watatu. Leo inasomesha kiasi cha wanafunzi 1,800 bila ada, kwa fedha za wafadhili, wengi wao Waaustralia wa kawaida ambao kila mmoja amebeba mwanafunzi au sehemu ya gharama za mwanafunzi. Mtu anayejua kuna mtoto fulani Moshono anayesoma kwa mkono wake hutoa mwaka baada ya mwaka kwa uaminifu ambao rufaa ya jumla kwa umma haiupati.

Nguvu hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Mtoto ametundikwa kwenye mshahara wa mtu mmoja. Mfadhili akiachishwa kazi, akiugua, akiachana na mwenzi wake au akifariki, barua ya mhasibu inakwenda kwa mama muuza mboga. Shule kubwa yenye wafadhili wengi ina pa kuegemea: inamtafutia mtoto mfadhili mwingine huku ikiendelea kumlea. Shule ndogo ya mkoani yenye wanafunzi wa ufadhili kumi haina pa kuegemea. Inasubiri mwezi, inasubiri muhula, halafu inamwita mzazi.

Kuna mambo mengine ambayo wafadhili hawayaoni kwa sababu hayapo kwenye risiti. Mfadhili anayemjua mtoto kwa jina huanza kutaka kumpangia mchepuo. Nimesoma ujumbe wa mtu aliyetaka binti asome sayansi kwa nguvu kwa sababu "mimi ndiye ninayelipa". Familia nayo huanza kumwona mfadhili kama ndugu: bibi anaumwa, paa linavuja, mdogo wake naye amefaulu. Maombi hayo ni ya kweli na yana haki ya kusikilizwa, ila yakipitia kwa mtoto yanamtwisha kazi ya kuomba. Na picha: mfadhili anataka picha, shule inapiga, inaweka mtandaoni na hadithi ya umaskini wa nyumbani kwao. Miaka mitano baadaye binti huyo ni msichana mkubwa na wenzake wanaisoma.

Ukichagua njia hii, basi fanya mambo matatu. Mawasiliano yote yapite shuleni. Picha na hadithi ya familia visitoke nje ya barua zenu. La tatu ndilo zito: usianze kulipa mwaka wa kwanza mpaka uwe na akiba ya angalau mwaka mmoja wa mbele, iliyokwisha kuwekwa mikononi mwa shule au kwenye akaunti isiyoguswa. Mwaka mmoja wa akiba unaipa shule muda wa kumpata mfadhili mwingine. Bila hiyo, kwa kipimo changu, njia hii inafeli.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayelipa kodi Uingereza liko jambo la ziada. Akitoa kupitia taasisi ya hisani iliyosajiliwa huko kwa utaratibu wa Gift Aid, taasisi hiyo hudai serikalini pauni 25 juu ya kila pauni 100 alizotoa. Akituma moja kwa moja kwa mzazi kwa simu, ziada hiyo haipo. Kwa ahadi ya miaka sita, tofauti hiyo inazidi mwaka mzima wa ada.

Mfuko wa pamoja wa mwaka

Hapa mfadhili hachagui mtoto. Anachangia mfuko, kamati ya shule inachagua, na fedha za watu ishirini zinawabeba watoto kumi. Mmoja akianguka, kila mtoto anapungukiwa kidogo, lakini hakuna anayepoteza vyote.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa kwenye jambo hili, nao ni shule ya Starehe ya Nairobi. Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, waliianza mwaka 1959 kwa mabanda mawili ya mabati, kuwaokoa wavulana wa mitaani na mayatima wa miaka ile ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Ikakua ikawa miongoni mwa shule zinazoongoza Kenya kwa ufaulu. Msingi wake ulikuwa kwamba wavulana wengi wasome bila karo, na wachache ambao wazazi wao wanajiweza walipe kwa uwezo wao. Griffin aliiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, mwaka uleule ambao Starehe ya wasichana ilifungua milango. Fedha zilitoka kwa wafadhili wengi, wa ndani na wa nje, na shule ndiyo iliyoamua nani aingie. Mvulana hakuwa mali ya mfadhili yeyote.

Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003, inatenganisha mambo mawili ambayo shule nyingi huyachanganya: kwanza mtoto anakubaliwa kwa uwezo wake, kisha ndipo familia inapimwa inaweza kulipa nini. Napenda utaratibu huo, kwa sababu unazuia kishawishi cha kupokea watoto dhaifu wenye hela na kuwaita wafadhiliwa.

Na hapa niseme kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndipo mifuko mingi inapopotea bila mtu kuiba hata shilingi. Kamati ina milioni 40. Inaweza kuwabeba watoto kumi kwa asilimia 100, au ishirini kwa asilimia 50. Kwenye ripoti, ishirini inapendeza zaidi. Wafadhili wanapiga makofi. Lakini jiulize ni familia ipi inayoweza kulipa nusu ya milioni 4. Si mama muuza mboga. Ni mwalimu, ni karani, ni mfanyabiashara mdogo ambaye mwaka huu mambo yamembana. Hao nao wanastahili msaada, sibishi, na shule inayowasaidia wasifukuzwe kwa deni inafanya jema. Ila huo ni ufadhili mwingine. Mfuko uliochangiwa kwa jina la mayatima, ukaishia kuwa punguzo la ada kwa wazazi wenye ajira, umehama bila wachangiaji kuambiwa. Mimi ningependa mikataba ya mfuko iseme wazi: kiasi gani ni cha nafasi kamili, pamoja na godoro na nauli, na kiasi gani ni cha kuokoa familia iliyoyumba.

Kazi ya kuchagua nayo inataka miguu. Barua ya mtendaji wa kata inapatikana kirahisi mno. Karibu kila mwombaji analeta moja. Kinachosema ukweli ni kwenda nyumbani bila kutangaza siku. Huendi kuhesabu masufuria. Unaangalia mkaa unanunuliwa kwa gunia au kwa kopo, mafuta ya kula yako kwenye dumu au kwenye kimfuko cha kupima, maji yanatoka wapi, nani analala wapi. Unazungumza na balozi wa nyumba kumi na jirani mmoja asiye ndugu. Ziara ya saa moja imewahi kugeuza uamuzi wa kamati yetu pande zote mbili: aliyekuja na barua nzito tukakuta nyumba ya tofali yenye wapangaji, na aliyejaza fomu vibaya tukamkuta anaishi na babu kipofu ambaye ndiye anayemtegemea yeye kumpikia.

Udhaifu wa mfuko wa pamoja ni mmoja na ni mkubwa: unategemea uaminifu wa shule. Fedha zikiingia akaunti ileile ya mishahara na umeme, mwezi mgumu ukifika zitalipa umeme. Pia kuna shule zinazohesabu punguzo walilompa mtoto wa mwalimu wao kuwa ufadhili, na kuliweka kwenye ripoti. Kabla hujachangia, omba vitu hivi: akaunti ya benki ya mfuko peke yake yenye watia saini wasiokuwa wafanyakazi wa shule pekee, orodha ya wanafunzi kwa namba bila majina ikionyesha kila mmoja amelipiwa nini, na idadi ya walioanza kidato cha kwanza miaka minne iliyopita ikilinganishwa na waliomaliza. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitazama kuliko zote. Mfuko ulioanza na watoto kumi na kumaliza na sita una maswali ya kujibu, hata kama vitabu vyake vya hesabu ni safi.

Mfuko wa kudumu

Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu. Ni wakfu: mali ya asili haiguswi, matunda yake ndiyo yanayotumika. Mtu anaacha nyumba Mji Mkongwe, kodi yake inalipa madrasa, na nyumba inabaki. Shule inafanya vilevile kwa hatifungani (mkopo unaoikopesha serikali ikakulipa riba), vipande (hisa za mfuko wa uwekezaji wa pamoja) au jengo la kupangisha.

Waingereza wana mifano ya karne nyingi, mizuri na ya kuonya, kwa hiyo inafaa kuitazama. Christ's Hospital, ambayo licha ya jina lake ni shule, ilianzishwa London mwaka 1552 chini ya Mfalme Edward VI kwa ajili ya watoto wa maskini wa jiji, ikahamia Horsham mwaka 1902, na mpaka leo wanafunzi wake wengi hulipiwa sehemu ya ada au yote kwa mapato ya mali iliyowekwa na waliotangulia. Waliotoa wamekwisha kusahaulika, watoto bado wanakula.

Onyo linatoka Eton, shule ya bweni ya wavulana. Mfalme Henry VI aliiweka mwaka 1440 isomeshe wavulana maskini 70 bure. Nafasi 70 zipo hadi leo, lakini huingiwa kwa mtihani mgumu wa ushindani, bila kujali kipato cha mzazi. Mali ilidumu, neno "maskini" halikudumu. Anayeandika hati ya mfuko wa kudumu leo Moshi au Mombasa aandike kwa maneno yasiyopindika: nafasi hii ni ya mtoto ambaye familia yake haiwezi kulipa, na uwezo huo utapimwa kila mwaka wa kupokea mwanafunzi.

Kuna somo jingine kutoka huko. Kuanzia mwaka 1980 serikali ya Uingereza ililipia watoto wenye vipaji wasio na uwezo kwenye shule binafsi. Mwaka 1997 serikali mpya ikaufuta mpango huo. Waliokuwa tayari darasani waliachwa wamalize hatua yao, jambo ambalo ni la kuheshimika, lakini nafasi mpya zikaisha. Shule kama Manchester Grammar, iliyokuwapo tangu 1515 na ikiwa na wanafunzi wengi wa mpango huo, zikalazimika kuanza kuchangisha mifuko yao wenyewe. Kisha Januari 2025 ada za shule binafsi zikawekewa VAT ya asilimia 20. Pale ambapo kodi yote imehamishiwa kwenye ada, mfuko uliokuwa ukilipia watoto sita kikamilifu sasa unatosha watano. Mfuko wa kudumu unakukinga na mfadhili aliyechoka. Haukukingi na bei.

Tuje kwenye hesabu za kwetu. Hatifungani za muda mrefu za serikali ya Tanzania zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tuchukue 12 kwa mfano. Kishawishi ni kutumia zote 12: weka milioni 34, upate milioni 4 kila mwaka, mtoto mmoja anasoma daima. Haiwi hivyo. Riba inalipwa kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka, wakati ada inapanda. Kwa tahadhari tuzidishe kidogo ile asilimia 5 ya mwanzo: ada ikipanda asilimia 6 kwa mwaka, ndani ya miaka 12 inakuwa mara mbili, na ile milioni 4 inalipa nusu ya mtoto. Ili nafasi ibaki nzima, unatumia 6 na kurudisha 6 kwenye mtaji. Basi milioni 4 ni asilimia 6 ya kiasi gani? Karibu milioni 67.

Milioni 67 zinatisha, ila ziweke kando ya njia ya kwanza. Kwa ile asilimia 5 ya mwanzo, mtoto wa kwanza anagharimu milioni 27.2 hadi kidato cha sita. Wa pili, akianza pale wa kwanza alipomaliza, ada imekwisha kupanda, anagharimu karibu milioni 36.5. Watoto wawili, miaka 12, ni karibu milioni 64. Kuanzia mtoto wa tatu, aliyelipa mwaka kwa mwaka ametumia zaidi, na hana kitu mkononi, wakati mwenye mfuko bado ana mtaji wake wote. Ni kweli kwamba anayelipa kidogo kidogo anabaki na hela yake akiizungusha kwenye biashara, na hiyo ina thamani. Lakini kundi la wahitimu arobaini wanaoweza kutoa 1,700,000 kila mmoja, hata kwa miaka mitatu, lina nafasi moja ya kudumu mikononi mwake. Wakati huohuo wapo wahitimu wanaotumia kiasi hicho kwenye sherehe moja ya kukutana.

Kwa kipimo changu cha mwaka wa tatu, njia hii inashinda kwa mbali. Lakini inataka mambo ambayo shule nyingi changa hazina. Inataka bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), iliyo tofauti na mmiliki wa shule, kwa sababu shule binafsi inaweza kuuzwa au kufungwa. Inataka hati inayosema fedha ziende wapi shule ikifungwa. Inataka mtu anayejua kusoma taarifa ya hatifungani au ya vipande vya UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja. Na inataka subira: mfuko ulioanza kuwekezwa Januari hauna cha kumpa mtoto anayeripoti Januari hiyohiyo. Shule ambayo mmiliki ni mtu mmoja, mhasibu ni shemeji yake na bodi haijakaa kikao mwaka mzima, usiwekee mfuko wa kudumu hata wa milioni 5. Changia watoto waliopo, kwa mwaka, kwa risiti.

Nani achague ipi

Mtu mmoja mwenye mshahara, asiye na akiba kubwa: mfuko wa pamoja, kwa ahadi ya maandishi ya miaka minne, hata kama ni laki mbili kwa mwaka. Ahadi ndogo inayotimizwa inaiwezesha kamati kupanga. Milioni moja ya kushtukiza haiwezi kumpokelea mtoto wa kidato cha kwanza.

Familia iliyoko nje yenye ndugu wanne au watano wanaochangia pamoja inaweza kumbeba mtoto mmoja salama, kwa sababu tayari ni mfuko wa pamoja mdogo. Wakubaliane mapema nani anashika kamba mmoja akitetereka.

Kampuni ni suala tofauti. Bajeti yake ya hisani inabadilika na faida, na mkurugenzi mpya huja na mapenzi mapya. Ningeishauri isilipie watoto mwaka kwa mwaka kabisa. Mwaka wa faida nzuri iweke fungu lote la miaka minne kwa idadi ndogo ya watoto, au iongeze mtaji wa mfuko wa kudumu uliokwisha kuwepo. Au ifuate njia nyingine kabisa, ya kumfadhili mtoto badala ya shule. Equity Group Foundation na Mastercard Foundation walifanya hivyo Kenya kwa mpango wa Wings to Fly tangu 2010: kamati za jamii zinachagua wanafunzi wenye uhitaji mashinani, mpango unalipa karo, sare, nauli na pesa za matumizi, na mtoto anasoma katika shule aliyopangiwa. Faida yake ni kwamba shule dhaifu ya binafsi haiwezi kumfunga mtoto kwa sababu tu yenyewe ndiyo yenye mfuko.

Mzee anayeandika wosia, au anayetaka thawabu ya sadaka inayoendelea: mfuko wa kudumu, na aandike akiwa hai, wadhamini wakimsikia, aanze na kiasi kidogo auone ukifanya kazi muhula mmoja mmoja.

Na kama una kiasi cha mara moja tu, tuseme milioni 5 au 8, huna uhakika wa mwakani, na hutaki kuanza safari usiyoweza kuimaliza, ipo nafasi ambayo wafadhili wengi hawaiulizii. Nenda kwa mhasibu wa shule, usimwombe mtoto mpya. Muulize kama yupo mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye mfadhili wake amekatika. Karibu kila shule ya bweni ina mmoja au wawili, wameshazoea bweni, walimu wanawajua, alama zao zipo kwenye daftari, na deni lao linajulikana hadi shilingi ya mwisho. Kinachobaki ni mwaka na nusu, ada ya mtihani wa kidato cha nne na nauli za likizo tatu. Lipa yote kwa mkupuo, chukua risiti yenye namba ya mwanafunzi, na omba jambo moja tu: mtoto aambiwe wiki hiyohiyo kwamba hataitwa tena ofisini kwa ajili ya ada.